Dawa ya Kabla ya Uji

Mwezi uliopita, kwenye benchi la kliniki Mugumu, mama mmoja wa upande wa Nata aliniuliza swali ambalo sikupata nafasi ya kulijibu. Alikuwa ameshika mfuko wa dawa kwa mikono miwili kama mtu aliyekabidhiwa mayai. "Dada," akasema, "wameniambia nitakunywa hizi kila siku, na mwisho wake hawakunitajia. Wewe unawezaje?" Nikafungua mdomo, jina lake likaitwa, akaingia ndani. Alipotoka, mimi nilikuwa nimeitwa chumba kingine. Sikumwona tena.

Nimekuwa nikimjibu kichwani tangu siku ile, nikipika, nikichambua maharage. Sasa namjibu hapa. Mambo ya kitabibu siyajui zaidi ya niliyoambiwa, kwa hiyo asiyategemee kwangu. Nitamweleza tu ilivyokuwa.

Naitwa Rhobi. Nimeolewa Kemambo, na huko wananiita Mama Marwa kwa jina la mwanangu wa kwanza. Tunalima mahindi, muhogo na mtama, na tuna ng'ombe wa kutosha kutufanya tuamke mapema. Mume wangu, Chacha, ni mtu wa maneno machache. Tunaishi boma moja na mama yake, Bibi Wankuru, nyumba yake ikitazamana na yetu, zizi katikati. Baada ya Marwa nilikaa miaka mingi bila mtoto, mpaka watu wakaacha kuuliza. Kisha akaja Gati. Wanaosubiri sana mtoto watanielewa nikisema kwamba mtoto yule sikumweka chini. Nilipika naye mgongoni, nilisali naye mgongoni, hata jirani wakasema atasahau kutembea.

Ugonjwa wangu haukuanzia tumboni. Ulianzia kwenye vidole. Gati akiwa bado mchanga, nilianza kuamka mikono imekakamaa kama kuni, vifundo vimevimba na vina joto. Walisema ni baridi yabisi. Lakini palizi haingoji vidole vya mtu, nikaenda senta, duka la dawa, nikauziwa vile vidonge vidogo vya maumivu, diklofenaki. Nikimeza asubuhi, nalima mpaka jua kali. Wachimba dhahabu wa huku kwetu wote walikuwa wakivitafuna hivyo hivyo, na hakuna aliyeviona kuwa ni kitu cha kuogopwa. Tumbo lilipoanza kuwaka nilidhani ni njaa. Nikawa nakula kidogo, linatulia, linawaka tena. Nilikonda, sketi nikaanza kuzifunga kwa kamba.

Mvua za vuli zilikuwa zimeanza nilipoona choo changu ni cheusi kama lami. Sikumwambia mtu. Asubuhi moja nikiwa zizini nakamua, ng'ombe akageuka wawili machoni mwangu, zizi likazunguka, nikaanguka. Nilipozinduka nilikuwa hospitali Mugumu, na damu ya watu nisiowajua ilikuwa ikiingia mkononi mwangu.

Nilipelekwa kumeza mpira. Ndivyo wagonjwa tunavyokiita kipimo kile, mpira mrefu wenye kamera unaoshuka kooni. Nitamwambia ukweli mama wa Nata kama bado hajakipitia: ni kibaya, lakini ni kifupi. Muuguzi mmoja alinishika kisogo akawa ananiambia, "Vuta hewa kwa pua, mama, vuta kwa pua," na mimi nikaishikilia sauti ile kama kamba ya kisimani. Walikuta kidonda kikubwa. Nikapewa dawa nyingi za wiki mbili, zilizoufanya mdomo uwe na ladha ya sarafu, na baada ya hizo nikapewa omeprazole, kapsuli moja kila asubuhi.

"Hii ni ya muda gani?" nikamuuliza daktari. Alikuwa mwanamke mrefu wa sauti ya chini.

"Ya muda mrefu," akasema. "Mikono yako bado inahitaji kutibiwa, na kidonda chako kilikuwa kikubwa. Kikipona, kinaweza kurudi. Hii ndiyo inakizuia kisirudi. Meza kabla hujala chochote, ngoja nusu saa, ndipo unywe uji."

Diklofenaki akanikataza kabisa. Dawa ya viungo akanipa nyingine, ya kiasi. Nikarudi nyumbani.

Kijijini dawa ya siku tatu ni dawa. Dawa ya kila siku, isiyo na mwisho, ina jina lingine, na jina hilo watu hawalitamki mbele yako. Wanawake tuliokuwa tukichota maji pamoja walianza kuniuliza uzito wangu. Mmoja alinishika mkono akaniambia kwa huruma nyingi, "Mama Marwa, siku hizi watu wanaishi nazo miaka. Usikate tamaa." Nikamwambia ni vidonda vya tumbo. Akasema, "Ndiyo, ndiyo, vidonda vya tumbo," akaniachia mkono.

Hospitali nilipimwa na hicho walichokidhania, na majibu nilikuwa nayo. Lakini utamwonyesha nani karatasi ambayo hajakuuliza? Na nilijua pia kwamba wapo watu wanaomeza dawa hizo nyingine kila siku, watu wazuri, na kuapa kwa nguvu kwamba mimi si mmoja wao kungekuwa kuwatemea mate.

Maneno yalifika kwa Bibi Wankuru. Hakunificha. Alikuja jikoni kwangu mchana, akakaa kwenye kigoda, Gati akamparamia.

"Mwanangu," akasema, "mwili umerudi. Unalima, unakamua. Kwa nini mtu mzima ameze dawa ya mgonjwa?"

"Mama, daktari kasema nikiacha kidonda kitarudi."

"Daktari haishi hapa. Sisi ndio tunaosikia yanayosemwa kisimani. Mume wako akipita senta wanamnyamazia. Acha hizo. Nitakuletea mizizi, ni ile aliyokunywa marehemu mama yangu. Na tutachinja mbuzi, kama hapa kuna kitu kilichokosewa kitengenezwe."

Chacha alikuwa mlangoni. Nilimtazama ili aseme neno. Akasema, "Jaribu, Mama Marwa. Msimu mmoja tu." Kisha akaenda kwenye ng'ombe.

Nikajaribu. Mbuzi akachinjwa, mizizi nikainywa, kapsuli zikabaki juu ya dari. Wiki zikapita na sikuumwa chochote. Hapo ndipo pagumu kumweleza mtu: ukiacha dawa hii hakuna kinachotokea siku hiyo. Wala kesho yake. Unalala vizuri, unakula vizuri, unaanza kuwaona madaktari kuwa ni watu wa kutisha watu bure. Bibi Wankuru alifurahi sana. Kisimani nikaulizwa habari za mtoto badala ya uzito wangu.

Masika yalipokolea tulikuwa shambani, tunapalilia. Jua lilikuwa limetoka baada ya mvua na udongo ulinukia vizuri. Nikasikia joto likipanda kifuani, nikainama, nikatapika kitu kama machicha ya kahawa. Nikatapika tena, safari hii ilikuwa damu yenyewe. Gati alikuwa amekaa kwenye kivuli cha muhogo akicheza na majani. Nakumbuka kwamba sikutaka aone, nikajaribu kufukia kwa jembe.

Chacha alinipakia kwenye pikipiki ya jirani, mimi katikati, yeye nyuma amenifunga kwa kanga kifuani mwake. Njia nzima aliongea. Mtu yule ambaye siku nzima anaweza kusema maneno kumi, aliongea njia nzima: majina ya ng'ombe, mpaka wa shamba letu, siku aliyoniona mara ya kwanza. Nadhani aliogopa akinyamaza nitalala. Tulipofika hospitali alikuwa na damu yangu begani mpaka kiunoni.

Nilipasuliwa.

Nilipoweza kukaa, daktari alimwambia dada yangu mdogo, Nyangi, kwamba nisirudi mbali. Barabara ya masika haiaminiki, kidonda kikifumuka tena huenda nisifike. Nyangi anakaa Mugumu, upande wa Manchira, na ana kibanda cha mboga sokoni. Akasema, "Atakaa kwangu." Ikawa hivyo. Marwa alikuwa na shule. Gati alikuwa bado ananyonya, na mimi nilikuwa na mshono kuanzia kifuani kushuka kitovuni, hata kikombe sikuweza kukiinua bila kushika tumbo. Bibi Wankuru alimleta hospitali anione kabla hawajarudi. Hakunitazama usoni. Gati aliponiona alinyoosha mikono, akapiga kelele, akajirusha kutoka mgongoni kwa bibi. Sikuweza kumpokea. Muuguzi akamwambia bibi, "Mama, mtamfungua mshono," na wakamtoa nje. Nilimsikia akilia kwenye korido, kisha uani, kisha getini, kisha sikumsikia.

Matiti hayakuambiwa kwamba mtoto ameondoka. Kila ilipofika saa yake ya kunyonya, maziwa yalishuka yenyewe, yakalowesha shuka. Nyangi alinifunga kitambaa kifuani. Siku maziwa yalipokauka nililia kuliko siku yalipokuwa yanatiririka.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kukaa Mugumu. Kapsuli kwanza mbili kwa siku, asubuhi na jioni, kisha moja ya asubuhi. Nyangi huamka alfajiri kwenda kununua mboga, lakini hakunywa chai kabla yangu hata siku moja. Alikaa na mimi nusu saa ile, tukitazama chai ikipoa. Nikimwambia anywe, anajibu, "Ninywe wewe ukinitazama kama paka?" Ni jambo dogo, lakini ndilo lililonifanya nisichoke.

Kutoka kwake unaliona bwawa la Manchira. Mchana ng'ombe wa watu huletwa kunywa maji, na mimi nilikuwa nakwenda pale kukaa. Nilikuwa nawatazama wa mabaka ya kahawia nikitafuta wanaofanana na wetu. Mara moja nilisikia moshi wa samadi kavu, ule tunaowasha zizini kufukuza mbung'o, nikaufuata mpaka uani kwa watu, nikasimama pale navuta hewa kama mwizi, mpaka mwenye nyumba akatoka kuniuliza nimepotea wapi. Nikamwambia sijapotea, natokea Kemambo. Akacheka, akaniletea kiti.

Jumapili Chacha alipiga simu. Alisema ng'ombe fulani amezaa, mtama umechanua, ndege wanausumbua. Kisha alimpa Gati simu. Nilisikia anavyopumua tu, pumzi fupi fupi za mtoto aliyeshika kitu kipya. Nilimwita, nikamwimbia, yeye anapumua. Chacha alipochukua simu aliniambia, "Anaiangalia simu nyuma, anakutafuta." Baadaye, katika kiangazi, siku moja akasema neno. Alisema, "Bibi." Baada ya hapo akaanza kusema maneno mengi, na yote yalifika kwangu kupitia simu, yakiwa yameshazoeleka nyumbani. Neno lake la kwanza la kweli sikulisikia. Nimeuliza lilikuwa nini na kila mtu ana jibu lake.

Kliniki nilikuwa nakaa benchi moja na mtu mmoja aliyeitwa Masanja, Msukuma wa Maswa, mtu mzima, aliyekuja upande wa Nyamongo kufuata dhahabu. Yeye naye tumbo lilitobolewa na vidonge vya maumivu na kushinda njaa shimoni. Alikuwa mcheshi. Chumba cha kungojea kikinyamaza kwa hofu, yeye huanza kuongelea chakula. "Dada Rhobi, nikiruhusiwa, nitakula michembe na karanga mpaka waniite mlafi. Mama yangu anaikata kwenye viazi vitamu na kuikausha juani, unaitafuna kama tofi." Nikamwambia mimi nataka ugali wa mtama na maziwa yaliyogandia kwenye kibuyu, yale ya kuwasha ulimi. Akatikisa kichwa. "Hayo wewe na mimi tuyaote tu." Tulicheka hadi nikashika mshono. Mwishoni mwa kiangazi muuguzi aliita jina la Masanja, akaliita tena, watu tukatazamana. Mwezi uliofuata pia hakuja. Simu yake haikupatikana. Nataka kuamini yuko Maswa, kwenye uwanja wa mama yake. Mpaka leo jina la mtu mwingine likiitwa na asijibu, moyo wangu unashtuka kwa ajili yake.

Chacha hakuja. Alituma mahindi kwa basi linalotoka Tarime, alituma kuku, lakini yeye hakuja. Nikamtetea kwa Nyangi: kazi, ng'ombe, watoto. Kisha mtu wa kwetu aliyekuja sokoni akamwambia Nyangi kwamba kuna ndugu wamekaa kikao, wanamtafutia Chacha mke. Mwanamke mzima, wa kumlelea watoto. Nyangi hakutaka kuniambia, lakini alipika chakula kikaungua, na yeye haunguzi.

Jumapili nikauliza kwenye simu, "Baba Marwa, unaoa?"

"Nani kakuambia?"

"Sikuuliza hivyo."

"Mtandao unasumbua," akasema. Mtandao ulikuwa mzuri kabisa. Nilisikia hata jogoo nyuma yake.

Baada ya simu ile nilikaa siku kadhaa sitaki kuamka. Nilimeza dawa kwa sababu Nyangi alisimama mbele yangu na glasi ya maji. Nilikuwa nikijiuliza, nalindia nini tumbo ambalo hakuna mtu anayelingoja? Naandika hili kwa sababu najua wapo watakaofika hapo. Ni sehemu ya ugonjwa kama lilivyo lile joto la kifuani. Mwenye mtu wa kusimama mbele yake na glasi, amkubali.

Mawingu ya vuli yalikuwa yakianza kujikusanya nilipomezeshwa mpira tena. Siku ya majibu nilikuwa benchi peke yangu, Nyangi yuko sokoni. Mlango wa nje ukafunguliwa, akaingia mwanamume amevaa koti la kahawia, lile alilovaa siku ya harusi yetu, mabega yamejaa vumbi la barabara. Akasimama katikati ya wagonjwa akitazama kila uso. Uso wangu aliupita, akarudi. Nilikuwa nimebadilika kiasi hicho.

"Umekuja," nikasema.

"Nimekuja."

Akakaa pembeni yangu. Tulikaa hivyo mpaka nikaitwa, akainuka na mimi.

Daktari alikuwa yule yule mrefu. Akasema kidonda kimefunga vizuri, kovu safi. Nilifunika uso. Kisha akasema kapsuli ziendelee, na tusihesabu mwaka mmoja wala miwili, atakuwa ananiangalia kila baada ya miezi michache. Chacha akakohoa.

"Daktari, nina swali. Hizi dawa ni zile?"

Daktari akanigeukia. "Mama, nimweleze?"

"Mweleze yote."

"Baba, hizi ni za tumbo. Mkeo alipimwa, hana hicho unachokiuliza. Lakini nikuambie na hili: wanaomeza zile wakiacha wanaumia, na mkeo akiacha hizi anaumia. Ulishaona akiacha inakuwaje."

"Niliona," Chacha akasema. Akaitazama mikono yake. "Nilimbeba."

Tulirudi kwa Nyangi kwa miguu, polepole. Karibu na bwawa nikaomba tukae. Kundi la ng'ombe lilikuwa likinywa maji, mchungaji anapiga mluzi.

"Chacha," nikamwita kwa jina, jambo nisilolifanya, "na kama zingekuwa ndizo zile, ungeniacha huku?"

Ng'ombe walimaliza kunywa, wakaanza kupanda ukingo, mchungaji nyuma yao, vumbi likatulia. Ndipo akasema:

"Ningekuja."

Kisha akaongeza, "Ningechelewa. Kama nilivyochelewa. Lakini ningekuja."

Sijui kama kuna mwanamke mwingine angeridhika na jibu hilo. Mimi niliridhika, kwa sababu hakunipamba.

"Na huyo mke?"

"Walileta mpaka jina. Niliwasikiliza siku nyingi kuliko ilivyostahili. Mwisho nikawaambia mke ninaye, yuko Mugumu, anatibiwa."

"Mama yako alisemaje?"

"Mama ndiye aliyenipa koti. Alilipiga pasi mwenyewe."

Nilirudi Kemambo mvua ya kwanza ilipokwisha kulowesha ardhi. Nilikuwa nimeiota siku ile namna nyingi: nashuka, Gati anakimbia, ananirukia. Nilishuka. Marwa alikuja mbio, amerefuka, sauti imeanza kukwaruza. Bibi Wankuru alikuwa mlangoni, na nyuma ya sketi yake palikuwa na macho mawili.

"Shikamoo, Mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu." Akashika mkono wangu, akavipapasa vifundo kimoja kimoja. "Gati, msalimie mama."

Gati akamtazama bibi usoni, akacheka kama mtu aliyetaniwa. "Mama," akasema, akimshika bibi yake mguu. Hakuna aliyemfundisha. Neno bibi aliliacha mwenyewe, akawa anamwita hivyo tu.

Kwa wiki nyingi nilikuwa mgeni kwa mtoto niliyemzaa. Nikimpa chakula anakipeleka kwa bibi akalie huko. Nikimwogesha anakakamaa. Sikulazimisha. Bibi Wankuru naye hakuomba radhi, na sikutarajia. Kwetu wakubwa huomba radhi kwa vitendo, na usipokuwa mwangalifu inakupita. Asubuhi ya kwanza jirani mmoja aliniletea uji wa moto, na nilimsikia mama mkwe akimzuia uani kwa sauti ambayo kisima kizima kilisikia: "Usimpe bado! Kameza dawa yake ya vidonda vya tumbo, ngoja itulie." Tangu siku hiyo hakuna aliyeniuliza uzito.

Mama wa Nata, umeuliza nawezaje. Siku ninayoumwa ni rahisi. Siku ninayojisikia mzima kabisa ndiyo ninayoiogopa, na siku hiyo nameza mapema zaidi. Mwambie mtu mmoja nyumbani kwako dawa ni ya nini, kabla majirani hawajamwambia kwa niaba yako. Na usidhani ukipona utarudishiwa vyote. Maziwa ya kibuyu bado nayatamani mpaka mate yanajaa, na nikiyaonja nayalipa. Mtungi siubebi tena kichwani, anaubeba Marwa na wenzake wanamtania. Mtoto mgongoni sitambeba, mshono na vidole vimekataa. Kuna miezi mingi ya Gati ambayo naijua kwa kusimuliwa. Naitamani miezi hiyo kuliko chakula chochote.

Siku moja, mtama ulipokuwa umefika magotini, nilikuwa nimekaa uani nachambua mboga. Gati alikuwa akimkimbiza ndama. Ndama akageuka ghafla, Gati akajikwaa, akaangukia uso kwenye mawe ya zizi. Kilio kikachelewa kidogo kutoka, kama kinavyochelewa kwa mtoto aliyeumia kweli. Akainuka, damu mdomoni, akanipita mbio, mikono ameinua, akaenda kwa bibi yake aliyekuwa akitoka jikoni.

Bibi Wankuru alisimama. Mkononi alikuwa na kibuyu. Gati alishika sketi yake akiivuta, "Mama, mama."

"Nimeshika kitu, siwezi kukubeba," bibi akasema. "Mama yako yule pale."

Gati akalia zaidi, akavuta zaidi. Bibi Wankuru akamgeuzia mgongo. Hakugeuka. Kibuyu kilikuwa kitupu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekiosha asubuhi na kukianika, na alikishika kwa mikono miwili kana kwamba kimejaa mpaka mdomoni.

Mtoto akabaki katikati ya uwanja, anatazama mgongo ule, ananitazama mimi. Sikuita. Niliweka sinia la mboga pembeni, nikanyoosha miguu, nikafungua mikono hii mibovu, nikangoja. Alikuja akilia, hatua kwa hatua, akasimama karibu kabisa, akanitazama usoni kwa muda. Kisha akageuka, akakaa chini kwa nguvu juu ya mapaja yangu, akaegemeza kichwa pale pale mshono unapoanzia. Alikuwa mzito. Alikuwa mzito kuliko nilivyokuwa nikimkumbuka.